Mkwe Hatajiwi Bei

Mimi ni mtu wa hasira, na nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine. Nashona nguo Bunda mjini, nyuma ya stendi, na wateja wangu wanajua kwamba ukija kudai gauni kabla ya siku tuliyopatana utarudi na maneno badala ya gauni. Mume wangu Wambura ni kinyume changu. Ana duka la dawa za mifugo, anaongea polepole, na tangu tuoane sijawahi kumsikia akimwambia mama yangu mzazi sentensi nzima uso kwa uso.

Hiyo si chuki, ni heshima. Kwetu Mara heshima ya mkwe si mchezo. Mama yangu, Jenoveva, akitokea njiani, Wambura anapisha pembeni na kutazama chini. Mama naye akitaka kumsalimia ananiambia mimi, "Gati, msalimie baba Rhobi," hata kama baba Rhobi amesimama hapo hapo na masikio yake yote mawili. Namgeukia namwambia, "Mama anakusalimia." Naye ananijibu, "Mwambie nimepokea." Mama huwa amekwisha kusikia, lakini ananingoja nimwambie.

Tuliishi hivyo kwa amani mpaka mama alipotaka kuuza nyumba.

Ni nyumba ya Kamunyonge, Musoma, ambayo marehemu baba aliijenga chumba kimoja kimoja enzi sangara wakiwa na bei. Ndani yake ndimo nilimozaliwa. Ukisimama dirisha la sebuleni unaona kipande cha ziwa kati ya mapaa mawili ya jirani, kipande kidogo tu, lakini baba alikuwa akiwaonyesha wageni kama vile amekinunua nacho. Mama alisema nyumba imekuwa kubwa, bati linavuja, na yeye anarudi kwao Kiriba akalime muhogo. Niliposikia nililia kwenye cherehani hadi nikaunga mkono wa gauni upande usio wake. Sikutaka mtu baki aingie mle ndani akabomoe kuta za baba.

Wambura alinitazama siku mbili tatu, halafu akasema kwa ule upole wake, "Si tuinunue sisi? Duka la pili nilitakaga kulifungua Musoma. Na wewe cherehani unaweza kushonea popote."

Nilimkumbatia pale pale dukani, mbele ya mteja aliyekuja kununua dawa ya kupe.

Ikabaki kazi moja ndogo, ya kuulizana bei. Nilimpigia mama simu nikamwambia mnunuzi amepatikana, ni mkwe wako, taja bei yako nimpelekee. Upande wa pili nikasikia akivuta pumzi.

"Gati, mkwe hatajiwi bei. Mtu amenitolea ng'ombe, leo nimtajie bei kama namuuzia dagaa?"

"Basi nitajie mimi."

"Wewe ndiyo kabisa. Siku ya kuongea ng'ombe zako ulikuwepo?"

"Nilikuwa jikoni."

"Na hii kaa huko huko jikoni."

Wambura naye, nilipomjaribu, alinitazama kama nimemwomba avue shati kanisani. Alisema mke hawezi kubeba bei kati ya mumewe na mama yake, kwa sababu itakapovunjika, itamvunjikia yeye mikononi. Nilikasirika, lakini kwa mila za kwetu hakuwa amekosea. Mahari haizungumzwi na wenyewe. Kuna mshenga, mtu mzima anayeaminika na pande zote, anabeba maneno huku na huko, anayapunguza ukali njiani, na watu wakielewana anapewa blanketi lake na kwenda zake. Basi mama akiwa Musoma na Wambura akiwa Bunda, kila mmoja peke yake, wakawaza jambo lile lile, kwamba anatakiwa mtu wa katikati. Na wote wawili wakamtaja Yusto.

Yusto ni binamu yangu, mtoto wa kaka yake mama, na ni dalali. Ofisi yake ni simu ya laini mbili na kigogo cha kukalia kwenye kijiwe cha bodaboda pale Nyasho. Anauza viwanja, pikipiki, ng'ombe, jenereta, na aliwahi kuuza jeneza lililorudishwa dukani, ingawa hajawahi kutueleza lilirudishwaje. Leseni hana. Ukitaka kupanga chumba kupitia kwake, kwanza unatoa hela ya miguu, hata kama chumba chenyewe kinaonekana kutoka pale alipokaa. Ukikipenda, kodi ya mwezi mmoja ni yake. Kwenye kiwanja anachukua fungu kwa muuzaji, anachukua jingine kwa mnunuzi bila huyu kujua la yule, na juu ya hayo yote anaweka cha juu. Mwenye mali akisema kumi, Yusto anamwambia mnunuzi kumi na mbili, na zile mbili zinalala mfukoni mwake. Watu wa kwetu wanakijua cha juu kama wanavyowajua mbu. Wanalalamika, kisha wanalala.

Kosa la mama na Wambura lilikuwa kumchukua dalali wakampa kazi ya mshenga. Mshenga anakula watu wanapoelewana. Yusto anakula kwenye pengo lililo kati yao, na alikuwa hajawahi kupewa pengo zuri kama lile: mtu na mama mkwe wake, waliokatazwa na mila kuulizana lolote.

Miezi ikaanza kupita. Mama akinipigia simu anauliza hali ya mwanetu Rhobi, anauliza mvua ya Bunda, halafu anasema, "Huyo mume wako, sikujua ni mtu mgumu hivyo." Nikimuuliza amefanya nini, anasema hawezi kutaja. Nikikata simu namkuta Wambura anapanga chupa za dawa kwa kelele kuliko kawaida. "Mama yako ana roho ya kibiashara," ananiambia. "Amesemaje?" Hawezi kutaja. Krismasi tulikwenda Musoma, na mama hakunituma nimsalimie. Aliniambia tu niulize kama mgeni amefika salama. Wambura alikunja uso njia nzima ya kurudi. Niliumia sana. Nyumba niliyotaka ituweke pamoja ilikuwa inawaharibu watu wangu wawili mbele ya macho yangu, na mimi nimeambiwa nikae jikoni.

Kisha Jumatano moja mama akapiga simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Yusto ameleta mtu mwingine. Anataka kubomoa ajenge gesti. Ameshapima uwanja kwa futi kamba. Jumamosi nitampa."

"Mama, na Wambura?"

"Yule wa gesti angalau si mkwe. Akinidharau, sina pa kuumia."

Nilifunga cherehani nikapanda gari la Musoma bila hata kubadili kanga. Nilimkuta Yusto kwenye kigogo chake, anakula mahindi ya kuchoma.

"Mume wangu ametoa ngapi?" nilimuuliza.

"Dada, karibu. Hiyo ni siri ya mteja."

"Mteja gani? Ni mume wangu."

"Ndiyo maana ni siri."

Nilivua kiatu kimoja. Waendesha bodaboda walikaa vizuri ili waone, na mmoja akazima injini. Yusto anajua hasira zangu tangu utotoni, akaruka kigogo na kukimbilia ng'ambo ya barabara, mahindi mkononi, na mimi nyuma yake. Alipinda uchochoroni akapotea. Nilibaki nimesimama na kiatu mkononi mbele ya mlango wa kioo ambao sikuwahi kuuona. Juu yake kulikuwa na kibao: Wakala wa Nyumba na Viwanja. Chini ya maandishi hayo kulikuwa na namba ya leseni.

Ndani alikaa mwanamke kijana, amesuka nywele vizuri, leseni yenyewe ikiwa kwenye fremu ukutani. Alikitazama kiatu changu, kisha akanitazama usoni.

"Karibu dada, ukae. Naitwa Brenda. Unataka kuuza, kununua, au kumpiga mtu?"

Nilikaa nikamweleza yote. Nilipomaliza nilimuuliza swali nililokuwa nalo tangu nilipoingia, na sikuliuliza kwa upole.

"Na wewe cha juu chako ni kiasi gani?"

"Sina. Nina asilimia tano. Nasaini na mwenye nyumba kabla sijainuka kwenye hiki kiti, analipa aliyenituma, na analipa siku jina likibadilika kwenye hati. Nisipouza, silipwi."

"Na hela ya miguu?"

"Miguu ni yangu."

"Na soda?"

"Soda huwa nanunuaga mwenyewe."

Nilitafuta shimo lingine. Nilimwambia, ukilipwa asilimia si utataka bei ipande, na mama akipata nyingi na wewe unapata nyingi? Alikubali bila kuona haya. Alisema ndiyo, kwa hiyo bei huitaja mbele ya wote, muuzaji na mnunuzi wakisikia neno moja kwa wakati mmoja, ili yeyote asipate nafasi ya kuipandisha njiani, hata yeye.

"Na hiyo karatasi ya ukutani inanisaidia nini mimi?"

"Nikikudanganya una pa kwenda kulalamika, na hiyo karatasi inashushwa. Nitafunga mlango, nitarudi kwetu Mugango kuanika dagaa. Ndugu yako ukimkamata, utamnyang'anya nini?"

Nilifikiri. Nisingepata hata yale mahindi.

Mama hakumpokea kirahisi. Alimuuliza ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, na kwa nini hajaolewa. Brenda alijibu mawili ya kwanza na kuomba kuona hati ya nyumba kabla hata hajazungushwa vyumbani. Mama alipenda hilo. Yusto hakuwahi kuiulizia hati, na mama alikuwa amehangaika sana mahakamani baada ya msiba hadi ikatoka kwa jina lake. Brenda alikwenda nayo ofisi ya ardhi kuhakikisha haina mkopo wala kesi, akarudi mchana ule ule, ndipo akaeleza malipo yake.

"Na ukishindwa kuuza?" mama aliuliza.

"Naondoka mikono mitupu."

"Kama mshenga."

"Karibu sawa, mama. Ila blanketi langu lipo kwenye asilimia."

Mama alisaini. Kazi ikawa ni kuwakutanisha wasioweza kukutana, kabla ya Jumamosi ya yule mtu wa gesti. Mama alikataa kuongea bei nyumbani kwake, maana mkwe haingii nyumbani kwa mama mkwe kwa ajili ya kupatana bei. Wambura, kwenye simu, alisema Bunda haiwezekani, mama mkwe hawezi kuja kukaa kwenye kiti chake. Brenda alisikiliza yote bila kucheka akauliza kama kuna mahali ambapo si pa huyu wala si pa yule. Nikakumbuka mgahawa wa Marcelina kule Butiama, una chumba cha familia kilichotengwa kwa pazia. Wambura ni wa Butiama lakini mgahawa si wake, na mama husimama pale kila akienda hija ya parokia.

Brenda akasema, "Na Yusto aje. Aitaje bei yake mbele ya watu."

Nilidhani hatakuja. Alikuja, kwa bodaboda kutoka Nyamuswa alikokuwa anauza ng'ombe wa mtu, amevaa koti. Alikuwa na hakika kwamba siku watu wanapomaliza biashara haikosi mgawo wake.

Basi Ijumaa mchana tukakaa hivi. Mama alikuwa nyuma ya pazia na sahani ya sato na ugali. Wambura alikuwa upande huu, kiti amekigeuza kinatazama ukuta, ili hata pazia likipeperuka asije akaona. Mbele yake palikuwa na chupa ya soda peke yake. Yusto alikaa kichwani mwa meza. Mimi nilikaa karibu na pazia, sehemu yangu ya siku zote, na Brenda akasimama pale upindo wa pazia ulipoishia.

"Nimetumwa na mama Jenoveva," alisema, "na analipa yeye. Baba Rhobi simdai hata senti na yeye hanidai. Nasema hili kwanza ili kila mtu ajue naongea kwa niaba ya nani. Bei ya mama ni milioni arobaini. Ndiyo aliyoitaja tangu siku ya kwanza."

Kiti cha Wambura kililia. Aligeuka, akakumbuka, akarudi ukutani.

"Gati," alisema, "muulize mama. Arobaini? Mimi nilishatoa arobaini na tano. Nikaambiwa hamsini ndiyo mwisho, mama hashuki."

Nyuma ya pazia, sauti ya mtu anayekula ilikoma.

"Gati, mwambie baba Rhobi mimi sijawahi kusema hamsini maishani mwangu. Na muulize, yeye alisema thelathini na tano?"

"Mwambie mama sijawahi."

Sikumwambia mtu yeyote kitu. Nilikuwa namtazama Yusto. Wambura naye alimtazama, Brenda pia, na pembe ya pazia ikainuka kidogo, jicho moja la mama likatokea na kumtazama.

"Shangazi," Yusto alisema, "nilikuwa nasoma soko."

"Ulikuwa unasoma nini?" mama aliuliza.

"Ni cha juu tu cha kawaida. Kila dalali anawekaga."

"Milioni kumi ni cha kawaida?"

"Kazi ilikuwa ngumu. Nyinyi hamuongeagi."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli liliniudhi mara mbili. Nilianza kukitafuta kiatu changu kwa mguu chini ya meza. Yusto alisogeza kiti nyuma, lakini mdomo wake haukurudi nyuma.

"Hata hivyo," alisema, "tuwe wakweli. Mimi ndiye niliyewakutanisha mnunuzi na muuzaji. Hiyo nayo ina fungu lake."

Wambura, ambaye hacheki ovyo, alizungumza na ukuta. "Tulikutana siku ya mahari, Yusto. Ulikuwepo. Ulimaliza utumbo wote peke yako."

Nyuma ya pazia mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kabla ya Krismasi, na moyo wangu ulilegea hata hasira ikapungua.

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu, siwezi kumpeleka polisi," mama alisema alipotulia. "Tulimtuma ushenga. Alipwe ushenga. Mpeni blanketi."

"Zito au jepesi, shangazi?"

"Jepesi. Wewe hata aibu huisikii, baridi utaisikia wapi?"

Nikadhani tumemaliza. Bei imejulikana, mwizi amejulikana, tule twende. Lakini nilikuwa nimesahau ninaishi na watu gani.

"Mwambie mama," Wambura alisema, "mimi nilishatamka arobaini na tano. Siwezi kurudi nyuma mbele ya mkwe. Nitatoa hiyo hiyo."

"Mwambie baba Rhobi," mama alisema, "mimi nimesema arobaini. Nikipokea zaidi watu watasema namla mkwe mara mbili, ng'ombe na nyumba."

"Mwambie mama, kwa heshima yake, naweka arobaini na sita."

"Mwambie ataniudhi. Sasa ni thelathini na nane."

Pengo lilikuwa limerudi, safari hii limegeuka nyuma mbele. Mmoja anapanda, mwingine anashuka, na kila mmoja anazidi kuwa mkali kwa adabu. Yusto aliniinamia akasema, "Umeona? Hawa bila mtu wa katikati hawawezi." Nilimtazama Brenda awaokoe. Alikuwa amefunga mikono kifuani.

"Mimi nalipwa kwa asilimia," alisema. "Bei ikipanda napata zaidi. Hapa naomba nisiwe na maoni."

Basi nilipiga meza. Soda ya Yusto ilianguka na Marcelina akachungulia kutoka jikoni.

"Bei ni arobaini," nilisema. "Hizo nyingine tutanunulia bati. Anayebisha abishane na mimi, mimi hapa si mkwe wa mtu."

Hakuna aliyebisha. Brenda aliandika haraka, kabla hawajaanza kuheshimiana tena. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza swali ambalo ni la kazi yake, analiuliza kila siku.

"Mama, siku ya kukabidhi funguo, gari la kubeba vitu liende wapi? Kiriba sehemu gani?"

Nyuma ya pazia mama alisogeza sahani. Nilifikiri amemaliza kula.

"Kiriba kwa nani, mama?" Brenda alirudia.

"Kiriba kwetu," mama alisema. "Niliocheza nao wote wamezikwa. Mke wa kaka yangu ana wajukuu mpaka jikoni. Nitapata pa kuweka kitanda."

Sikuelewa. Kwa mara ya kwanza siku ile sauti yangu ilikuwa ndogo. "Mama, si ulisema unataka kurudi Kiriba? Ukalime?"

"Mimi magoti haya nilime nini? Nyumba ina vyumba vitano, Gati. Naongeaga na redio. Usiku nafunga milango ya vyumba ambavyo hakuna mtu, asubuhi naifungua. Nikasema niondoke kabla sijaanza kuichukia nyumba ya baba yako. Ukichukua wewe, angalau nitakuja kusalimia."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba naogopa kwangu?"

Nililia, tena hadharani, na sikuficha. Kwa muda wote ule nilikuwa nimepigania kuta. Sikuwa nimemuuliza mama yangu kama anataka kutoka ndani yake. Hakuna aliyemuuliza. Na jambo baya zaidi, nilijua kwamba hata sasa siwezi kumwambia abaki. Nyumba ikiwa ya Wambura, mama mkwe hawezi kulala humo. Afadhali alale stendi.

Wambura alipoongea hakuniambia mimi. Alimwambia Brenda.

"Kile chumba cha uani, chenye jiko lake. Nyuma yake kuna njia?"

"Ipo. Pikipiki inapita."

"Basi kikatwe. Kibaki na jina la mama, na kipande chake cha uwanja, na mlango wake wa kutokea huko nyuma. Kwangu hawezi kulala, najua. Kwake atalala. Mimi nitakuwa jirani."

Brenda alifikiri, akasema linawezekana. Mpima ataitwa kuweka mawe ya mpaka, ukuta utajengwa katikati, manispaa itakubali mgawanyo kwanza, kila mtu atapata hati yake, litachukua muda na yeye atalifuatilia. Uwanja ukipungua, bei itashuka kidogo, na asilimia yake itashuka nayo. Alilisema hilo la mwisho kwa sauti ile ile aliyosemea mengine.

Nilijiweka tayari kuambiwa, mwambie baba Rhobi hivi, mwambie vile.

"Wambura," mama alisema.

Jina la mkwe haliitwi. Wambura alisimama kama mwanafunzi.

"Naam, mama."

"Umekula?"

Aliitazama soda yake. "Bado, mama."

Pazia lilisogea na mkono wa mama ukatokea na sahani. Alikuwa amekula upande mmoja wa yule sato na kuuacha mwingine mzima. Wambura aliipokea kwa mikono miwili, akakaa, na kwa kuwa hakujua tena atazame wapi, alitazama samaki.

"Na huo ukuta wa katikati," mama alimwambia, "usiwe mrefu sana."